Daraja Letu Lilivyozama Kwenye Mkutano wa Mawazo

Moteli, nje kidogo ya Canberra
Jumatatu, kabla ya chai

Dada Lorraine,

Pokea salamu za mdogo wako asiye na adabu. U mzima huko? Shemeji Keith na mgongo wake wanaendeleaje? Na watoto, bado wanapanda basi la shule kungali giza? Mimi sina neno, ila baridi ya huku inamng'ata mtu mpaka kwenye ufizi. Bahati nzuri nina hasira, zinanipa joto.

Najua mnangoja habari za daraja. Klabu nzima ilinunua tiketi za bahati nasibu ya kuku ili nipate suti na nauli, niende kwenye Mkutano wa Taifa wa Mawazo nikaseme neno moja tu: daraja letu la mbao lijengwe upya, basi la shule liache kuzunguka bonde zima. Neno hilo nililikariri nyumbani na njia nzima mpaka nadhani mbwa wangu naye analijua.

Sasa sikia. Tuliingizwa kwenye jumba lenyewe la Bunge, maprofesa, wenye mabenki, mabingwa wa kuogelea, na mimi muuza kuni na magari yaliyochoka. Nikavishwa kadi shingoni kama kondoo wa maonyesho. Kundi letu lilikuwa la watu wa mashambani, na msimamizi wetu binti mmoja anaitwa Felicity, kalamu za rangi zimejaa mkononi. Akabandika ukutani karatasi ileile Keith anayofungia nyama buchani. Nikamwambia kwetu karatasi hiyo ukiifungua unakuta nyama ndani. Akacheka, akasema nina mtazamo wa kipekee.

Nikasema daraja. Akaandika "usafiri". Nikamwambia binti, sijasema usafiri, nimesema daraja, lina nguzo na mbao, liko pale mtoni. Akanieleza kwa upole kwamba wazo lazima lipande juu kidogo, maana tunatazama nchi ya miaka mingi ijayo. Mzee Clive, mfuga ng'ombe, akamuuliza kama hiyo nchi ijayo itavuka mto kwa kuogelea.

Baadaye akaingia Shangazi Olive. Alichelewa kwa sababu alitokea hospitali. Ni mama wa Kiaborijini kutoka kule jangwani, na sote tulimwita Shangazi, hata wenye digrii. Figo zake zimekufa. Mashine ya kumsafisha damu iko mjini tu, kwa hiyo anaishi mjini kwenye chumba cha kupanga, mbali na ardhi yake na makaburi ya wazee wake. Akasema anataka mashine iwekwe kwao, arudi nyumbani awatukane wajukuu zake uso kwa uso. Felicity akaandika "huduma". Shangazi akaitazama ile karatasi, akamwambia, "Mwanangu, huduma haina plagi."

Kila kundi lilitakiwa kupeleka mbele wazo moja. Tukagawiwa vibandiko vyekundu, vitatu kila mtu, ubandike unapopenda. Nikasema nchi inapangwa kama chekechea. Clive akaniambia niache kuitukana chekechea. Dada, daraja halikupita. Ilipita mashine ya Shangazi.

Usinune bado, maana hata hiyo hawakuiacha ipumue. Waliichukua wakaichanganya na wazo la watu wa intaneti na la watu wa visima, ili asiudhike mtu. Jana mchana Profesa Hargrave, mwenyekiti wa mambo ya mashambani, akapanda jukwaani akasoma: "Ustawi jumuishi kwa jamii zote." Watu wakasimama kupiga makofi. Shangazi akaniuliza kwa sauti, "Ndiyo mimi huyo?" Nikamwambia nadhani. Akasema, "Mbona nimenenepa ghafla?"

Nikamfuata profesa kwenye meza ya chai, nikamuuliza mashine iko wapi. Akasema imo ndani ya ustawi. Nikamwambia, mzee, mimi nimeuza magari mengi ambayo injini "imo ndani", hayo maneno nayajua yanakotoka. Akawa mwekundu, akasema mkutano huu si wa kutengeneza vitu, ni wa kuota ndoto pamoja kama taifa. Mimi naota kitandani kwangu, bure, bila kadi shingoni! Nchi hii haina njaa ya mawazo, Lorraine. Nenda baa yoyote utayakuta yamelala chini ya meza. Shida ni kwamba mtu anayejua anachokitaka akifungua mdomo tu, yupo mwingine analipwa kumlainishia maneno mpaka yasimchome mtu.

Sasa kaa chini. Ile kura. Mimi nilibandika wa mwisho kabisa, kwa sababu nilikuwa nje namuuzia dereva wa basi mzigo wa kuni. Kurudi nikakuta daraja na mashine vimelingana, Felicity anasema vibandiko vilivyobaki ni vyangu tu. Vyote vitatu nilivibandika kwenye mashine. Hakuna aliyenishika mkono wala kunishawishi. Niliwafikiria wanao wamelala vichwa kwenye dirisha la basi, naapa niliwafikiria. Lakini wao, hata kwa kuchelewa, jioni wanafika nyumbani. Yeye hafiki.

Na sasa hakuna aliyepata. La kwetu nimeliangusha mimi, la kwake wameliyeyusha wao. Waambie klabu wewe, au subiri nije mnipige nikiwepo.

Msalimie Keith, wabusu watoto, na majirani wote wape salamu, hata yule wa trekta. Na jambo moja zaidi. Jana Shangazi akipanda gari kuanza safari ya kurudi mjini anakopanga, kwenye mashine yake, aliniuliza mimi nilikuja na wazo gani, maana alichelewa hakunisikia. Nikamwambia sikuja na lolote, nilifuata pai za bure. Alicheka mpaka akashika mlango. Nimempa namba yako, anasema atakupigia akupe pole kwa kunilea. Akipiga, tafadhali dada, usimtajie daraja.

Ni mimi mdogo wako,
Trevor