Jengo Lililosemwa Kuwa Tupu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeutuliza juu ya stuli, na ule uvimbe umepungua. Shemeji ameniambia sasa unafika hadi mlangoni bila fimbo, nikafurahi sana. Mimi mwili haujambo. Bado nauza viatu dukani, nala ninapokumbuka, na nyumba naifagia kila Jumapili kama mwanao alivyopenda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sithubutu, na utaelewa kwa nini.

Siku ile nilipokupigia kukuambia kuwa mwanao hatunaye, nililia hata nikashindwa kueleza. Ukaniambia nikanywe maji kwanza, utasubiri. Kabla sijapiga tena, redio ya serikali ikakueleza kwa niaba yangu. Ulisikia kwamba jengo la ofisi za ardhi lilianguka Jumamosi likiwa tupu, na kwamba mwanamke anayevumishwa kufia humo alifariki nyumbani, usingizini, kwa ugonjwa wa moyo. Halafu ukamsikia mumewe akithibitisha na kuishukuru serikali kwa jeneza. Uliponipigia ulisema sauti yangu imebadilika kwa kulia. Ukasema tumshukuru Mungu, hakuteseka.

Yule hakuwa mimi, mama. Sijawahi kuzungumza na redio yoyote. Nilifungua mdomo nikuambie, nikakusikia unavyopumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikaufunga.

Jirani yetu fundi simu, yule aliyekuchekesha sana ulipokuja kututembelea, ndiye aliyeanza kuifuatilia ile sauti. Aliichukua kwenye ukurasa wa redio yenyewe, akawa anaisikiliza huku akitengeneza simu za watu. Siku moja akaniita, akaniwekea vipindi vitatu mfululizo: mkulima anayeisifu mbolea ya serikali, mgonjwa aliyepona katika hospitali mpya, na mimi. Wote ni mtu mmoja. Anavuta pumzi puani kila anapotaka kusema “kwa kweli”. Fundi akasema huyu jamaa ana shughuli nyingi kuliko waziri, Jumatatu analima, Jumatano analazwa, Jumapili anafiwa. Nilicheka, mama. Nilicheka hadi nikaona aibu mbele ya mkewe.

Tukageukia picha. Televisheni ilionyesha jengo limefungwa, wakidai picha ilipigwa asubuhi ileile. Kuta ni za manjano. Lakini wiki ile kuta zilikuwa zimeshapakwa bluu. Mwanao alirudi na doa la rangi nyuma ya sketi, nikamtania kwamba sasa nina ushahidi kuwa kazini huegemea ukuta tu, akanirushia kitambaa cha vyombo. Fundi alilipiga picha lile doa. Akatafuta hadi akaikuta ile picha ya televisheni kwenye habari ya zamani ya uzinduzi wa geti la jengo hilo. Vyote tukampelekea dada mmoja mwandishi aliye nje ya nchi, ambaye kazi yake ni kufuatilia uongo wa vyombo hivi na kuuanika.

Dada yule alitujibu kwa upole. Alisema sauti na ukuta vinaonyesha kuwa wamedanganya, ila havionyeshi kuwa ndani kulikuwa na watu. Watasema mhariri alichanganya picha, yataisha.

Wiki hii wamemchukua fundi pamoja na kompyuta yake. Mkewe amezunguka vituo vyote vya polisi, kila kimoja kinasema hakimjui. Na Jumatatu tingatinga linakuja kusawazisha kifusi. Chini yake bado wamo mlinzi, karani wa masijala na binti wa mapokezi. Jengo likishatangazwa kuwa tupu, nani atatafuta mtu humo? Mke wa mlinzi anashinda kwenye uzio. Askari wanamcheka, wanamwambia, “Mama, mumeo kakutoroka na kimwana, nenda kapike.”

Sasa ninalopaswa kukuambia. Kaa vizuri.

Mwanao hakufa usingizini. Jumamosi ile waliitwa kazini kumalizia mafaili ya ukaguzi. Jengo lilipoanguka alibanwa chini ya ngazi akiwa hai, simu mkononi. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Kunipigia alishindwa, lakini ujumbe wa sauti ulipita. Nilikimbia nao kwa mkuu wa waokoaji. Akaniambia redio imeshatangaza hakuna mtu, kwa hiyo hakuna mtu, niende nikapumzike, nimechanganyikiwa. Mashine walikuwa wameshaziondoa. Tulichimba kwa mikono, mimi, fundi na majirani, upande wa nyuma ambako hapakuwa na askari. Tulimfikia kesho yake, kabla askari hawajaufunga na upande ule; alikuwa bado ana joto.

Ujumbe ule ni wako, mama. Aliutuma kwangu kwa sababu simu yako haipokei za namna hiyo. Anazungumza na wewe. Katikati anamwita mlinzi, na mlinzi anaitika. Juu yao mashine inanguruma, anakuambia wameshakaribia. Kisha ngurumo inakwenda mbali.

Mwandishi anasema huo peke yake unatosha. Nimekataa kumpa. Sauti ya mwisho ya mtoto haiendi kwa watu kabla ya mama yake. Najua nikiutoa nakunyang’anya ule usingizi uliopewa na redio. Nimejaribu kila namna, sijapata njia ya kuwarudishia mke wa mlinzi na wengine watu wao bila kukuumiza wewe.

Shemeji amekuja na simu yenye ujumbe huo pamoja na barua hii. Ukisema hapana, nisimpe mwandishi, sitakuuliza tena, nami nitabaki mkweo yuleyule. Ukisema ndiyo, mtume yeye anifikishie jibu kabla ya Jumatatu. Na baadaye ukipigiwa na mtu mwenye sauti kama yangu, akakuambia amesafiri na yuko salama, usimwamini.

Nisalimie shangazi na watoto wote wa hapo. Shemeji asiondoke bila kula, amekonda.

Ujumbe wa mwanao usiusikilize peke yako. Anaanza kwa kukuamkia, kama kawaida yake, kisha ananyamaza kidogo, anasubiri. Ukifika hapo, mama, mwitikie.

Ni mimi,
Mkweo