Maua Kando ya Maboga

Wanja wangu,

Natumaini baridi ya huko imekuachia vidole. Hapa Kanja tuko salama. Ng'ombe wa mjomba wako amezaa, na siku hizi chai yetu ni nzito ya maziwa.

Unauliza kama ung'oe maua yako ya manjano, hayo ya goldenrod, kwa sababu jirani anayaita magugu. Nilipoolewa hapa, mama mkwe alinikataza kugusa maua ya manjano yaliyojiotea kando ya maboga yake. Siku moja wanawake wa kanisa walikuja kutusaidia kulima, wakamcheka: "Mama, pale jembe halifiki?"

Yeye alikuwa akiwapakulia githeri ya mahindi na maharagwe. "Nyinyi mmenifanyia kazi, mnakula," akasema. "Na nyuki wanaonizalishia maboga warudi nyumbani na njaa?"

Tulicheka mpaka githeri ikamwagika. Maboga yalipokomaa, wale wale walirudi na viondo, wakabeba hadi migongo ikapinda.

Kwa hiyo usiyang'oe. Jirani akija tena, usibishane naye. Mpikie chai, mkae karibu na maua, muwaangalie wafanyakazi wako wakila.

Anayekupenda,
Nyanya yako, Cucu