Kaye ya Mashimo Tisa

Elisha, ndugu yangu,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na minye bado nikisikia muntu anakohoa barabarani nageuza shingo. Juzi nilimfokea mama mmoja muuza ndagala kwa sababu tu alikohoa kama weye, mara mbili kisha kimya. Nilimwomba radhi. Akasema mzee mzima hafokei watu kwa ajili ya kikohozi. Sikumweleza kitu, nikanunua ndagala nyingi kuliko ninavyoweza kula.

Kwenu Nyamianda wazima wote. Furaha, binti yako mkubwa, ndiye anayeshika nyumba sasa, na amekataa viti vyako viuzwe. Mvua imeharibu ukuta wa jikoni lakini umekwisha kutengenezwa. Ndiyo habari. Unajua sijui kuandika barua bila kuanza na habari, ukarani haunitoki.

Jana nilipita kwenye uwanja wetu. Nasema uwanja, lakini weye unajua ni nini kimebaki. Shimo la kwanza limekuwa kanisa. La pili na la tatu ni nyumba za watu, na mama mmoja anaanika nguo mahali tulipokuwa tunasimama kupiga. La nne ziwa limelimeza lote. Nikisema hapa Uvira tulikuwa na uwanja wa gofu, wajukuu zangu wananitazama kama nimeanza kuzeeka vibaya. Nani atanisaidia kubisha sasa? Tulikuwa wawili tu tuliobaki, ukaenda.

Nakukumbuka na ile rato yako ya meno marefu, unasawazisha mchanga kuzunguka shimo. Kule kwao wazungu walikuwa na majani laini, hapa jua liliwashinda, wakamwaga mchanga na mafuta machafu ya mota, ukawa mweusi, umelala. Weye ulikuwa kapita, msimamizi wa uwanja. Miaka mingi uliwabebea mifuko ya fimbo, na hakuna aliyefikiri unatazama. Kumbe ulikuwa unatazama kila mpira unaanguka wapi na kwa nini. Minye nilikuwa karani wa bandari ya Kalundu, nina tai moja na kalamu mbili, na kiburi cha kutosha mji mzima.

Uhuru ulipokuja wakaondoka kwa magari, wakavuka mto Ruzizi. Wa mwisho akakuachia ufunguo wa kibanda cha fimbo, akasema utunze mpaka nirudi. Ukatunza kweli. Miezi miwili ulikuwa unapangusa fimbo za watu ambao hawarudi. Halafu Jumapili moja baada ya ibada ukanishika mkono, ukaniambia, "Weye unajua kuandika. Kuya tuandike huu uwanja, watu wasiusahau."

Ndivyo kaye ilivyoanza, daftari la shule la kurasa mia, jalada la buluu. Weye unatembea mbele unasema, minye nyuma naandika kwa ule mwandiko wa kujipinda tuliofundishwa misheni. Tuliandika kila shimo linavyotaka kuchezwa.

La kwanza linaelekea mlimani. Kila muntu akiona mlima anapiga kwa nguvu, na mpira unapanda, unafikiri, unarudi hadi miguuni. Ukasema piga mara mbili fupi, mlima usiuchokoze. La tatu usilianze baada ya saa nane, maana pepo ya ziwani inaamka na kuupeleka mpira mihogoni. La nne liko ufukweni, na mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko unautoa kwa mkono bila adhabu, kanuni hiyo waliiweka wazungu wenyewe. Weye ukaniamuru niongeze kwamba kama kiboko mwenyewe bado amesimama hapo, shimo la nne halichezwi, muntu anapita kwenda la tano kwa heshima. Nilicheka hadi wino ukamwagika.

Na ule mchanga mweusi! Macho yalikuwa yananiambia mpira utakwenda kulia, unakwenda kushoto. Ukanivua viatu. Ukasema simama, fumba macho, sikia kwa nyayo ardhi inashukia wapi. Ilikuwa daima inashukia ziwani, hata pale ilipoonekana inapanda. Tangu siku hiyo tukawa tunacheza viatu mkononi, tai shingoni, watu wa Kilibula wamejaa pembeni wanatucheka. Tukacheka nao. Nani mwingine alikuwa na raha kama ile? Wanaume wawili weusi katikati ya uwanja ambao mwaka uliotangulia tungeukanyaga kwa kazi tu.

Sikuwahi kukushinda, niseme ukweli. Ilikuwa inaniuma. Tulikuwa sawasawa mpaka la tisa, lile lenye korongo katikati. Weye unapiga fupi, unasimama ukingoni, halafu unavuka polepole. Minye kila Jumapili nataka kuvuka kwa pigo moja, na kila Jumapili mpira wangu unalala korongoni. Unaniuliza, "Weye unakimbilia wapi?" Nashuka korongoni kutafuta mpira.

Halafu waasi wakaingia mjini.

Hapo mkono wangu unaanza kuwa mzito, Elisha, lakini nitaandika. Walikuwa wanatafuta makarani. Muntu mwenye tai, mwenye kalamu, mwenye karatasi za serikali nyumbani, huyo ni adui. Jirani yangu alichukuliwa kwa ajili ya bahasha tu. Nikachoma kila karatasi iliyokuwa kwangu, vyeti vyangu vya shule pia. Kaye ikanishinda. Niliishika juu ya moto mara tatu na mara tatu nikairudisha.

Nikafikiri, nyumba ya muntu asiyejua kuandika hawataisaka. Mchana ule nilijua uko shambani. Nikaingia kwenu kama mwizi, nikaipenyeza kwenye mfuko wa fimbo nyuma ya mlango, nikaondoka. Sikukuambia. Nilijidanganya kwamba usipojua ndiyo salama yako. Salama gani! Nilikuwa naitafuta salama yangu.

Wakaisaka. Walisaka nyumba zote za mtaa, za wanaosoma na za wasiosoma.

Wakaikuta kaye, wakakuleta uwanjani mbele ya watu wote, na sisi tumeitwa kutazama. Komanda alikuwa kijana mrefu anayejua kusoma vizuri. Akafungua kaye, akasoma kwa sauti: "Namba ine. Ziwa mkono wa kuume. Mita mia mbili na themanini. Baada ya saa nane pepo inatoka ziwani. Lenga kushoto ya mti mrefu wa mngazi, usipige moja kwa moja." Watu wakatazama juu. Wiki ile ndege zilikuwa zimepita juu ya ziwa mara mbili. Komanda akasema hii ni karatasi ya kuwaongoza watupa mabomu, mashimo tisa ni mahali tisa pa kupiga. Nani angemkatalia? Minye niliyeandika mwenyewe, nikiisikia kwa sauti yake, nilianza kuona mabomu.

Akauliza nani ameandika.

Niliona umetazama ule mwandiko. Uliutambua palepale, hakuna mwingine Uvira anayeipinda herufi ya kwanza hivyo. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako, bila tai.

"Ni minye," ukasema.

Na minye nikanyamaza. Weye uliyejua kuandika jina lako tu, na hilo kwa shida. Angekupa kalamu, umekwisha.

Hakukupa kalamu. Ulimwambia, "Komanda, hii iko mupira. Unipe fimbo, nikuonyeshe." Akacheka, lakini akakubali, mwenye bunduki akawa nyuma yako. Tukaufuata uwanja wote, mji mzima nyuma yenu, na jua lile. Kwa kila shimo komanda alisoma maneno ya kwanza akafunga kaye, weye ukamalizia kwa kichwa, kisha ukapiga, na mpira ukaenda mahali ulipoambiwa. Kwenye la sita akasoma "lenga kulia." Ukatikisa kichwa. Ukamwambia, "Hapo nilikosea kuandika. Iko kushoto." Kosa lilikuwa langu, Elisha, nililiandika siku niliyokuwa na usingizi, na hukuwa umewahi kuliona kwa sababu hukuwa unasoma. Ukapiga kushoto, mpira ukaviringika hadi karibu na shimo.

Kwenye la tisa komanda akachoka. Akasema vuka korongo kwa pigo moja tuone, twende. Bunduki iko mgongoni mwako na ukamjibu kwa upole, "Hapana, komanda. Hapa tunapiga mufupi." Ukapiga fupi. Ukatembea hadi ukingoni bila haraka, ukauvusha mpira kwa pigo la pili, ukavua viatu, ukavuka, ukauweka shimoni.

Halafu yule kijana akataka kujaribu. Alikosa mpira mara tatu, akachimba udongo, na hakuna aliyethubutu kutabasamu isipokuwa weye. Ukamgusa bega, ukasema alishushe. Mara ya nne mpira ukaruka. Alifurahi! Akakuachia uende nyumbani. Kaye akaenda nayo, na sijui iliishia wapi.

Jioni nilikuletea sukari. Nilikukuta umekaa, kikombe kinagongana na meno. Nilikaa nikingoja uniulize. Hukuuliza. Tulizungumza habari ya mihogo.

Miaka yote hiyo hukuuliza. Uwanja ukachimbwa mahandaki, kisha ukapandwa mihogo, kisha nyumba, hatukucheza tena hata mara moja. Hadithi ikawa ya kuchekesha watu harusini. Mzee Elisha na komanda wa gofu! Ulikuwa unaisimulia weye, ukifika pale unasema "kaye yangu," kisha unanyamaza kidogo na kutazama chini, na minye ndiye ninayecheka kwa sauti kuliko wote. Nilifikiri unanyamaza ili watu wapate nafasi ya kucheka.

Kwenye kilio chako waliniomba niisimulie. Nikaisimulia vilevile, na viboko, na bega la komanda. Watu walicheka huku wanalia, ikawa vizuri. Nilipokwenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, Furaha akanifuata. Alikuwa na machozi lakini sauti yake imetulia.

"Baba mudogo," akasema, "mama alikuona."

Mkeo, Mungu amrehemu, alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mihogo mchana ule. Aliniona nikiingia, aliniona nikitoka. Uliporudi kutoka shambani akakuambia, akaitoa kaye, akataka kuichoma. Ukamnyang'anya. Furaha aliyasikia kwa mamaye maneno uliyosema, akanipa kama yalivyo: "Rafiki yangu ameificha kwangu. Atakuya kuniambia mwenyewe."

Kwa hiyo ulijua. Siku zile zote kabla hawajaja kusaka, ulijua kilichokuwa nyuma ya mlango wako. Ungeweza kuichoma jioni ileile na kulala. Uliiacha kwa sababu ni minye niliyeiweka.

Furaha akasema kwamba mwaka huu, ukiwa umelazwa, alikuuliza kama nimekwisha kukuambia. Nilikuwa nimetoka chumbani saa ileile, nilikukatia nanasi, nikakuchekesha. Ukamjibu neno moja.

"Bado."

Elisha, umenikalisha chini kwa neno hilo na sijui nitainukaje. Nimekasirika nawe pia, nisikufiche. Kwa nini hukunipiga kofi? Kwa nini hukusema hata mara moja, "Weye karani mwoga, ulitaka kuniua"? Nilikuwa nakuja kwenu kila wiki. Nilikuwa nafika na nanasi. Ungeniambia neno nusu tu, ningeanguka miguuni mwako mbele ya watoto wako. Lakini weye ulinijua, ulijua kwamba nikisukumwa ningekiri kwa hofu, na hofu yangu ulikuwa umekwisha kuiona. Ulitaka nije kwa miguu yangu. Ukaningoja mpaka pumzi ikakwisha.

Basi nimekuja. Ni minye niliyeiweka, mchana, kwa makusudi, na nilikuwa hatua kumi uliposema ni yako. Sikusema siku ile, sikusema miaka ile, sikusema hospitalini. Naomba radhi yako, na najua hakuna wa kunijibu.

Siku ya kumaliza matanga watanipa tena nafasi ya kusema, maana wazee wengine hawasikiki. Nakuahidi sitaichekesha. Nitasimama mbele ya watoto wako na watu wa Nyamianda, nitasema nani aliandika, nani aliweka, na nani aliyenyamaza. Furaha atakaa mbele, nimemwomba, ili nikitaka kupunguza anitazame.

Ulale salama, ndugu yangu. Msalimie Mama Furaha. Mwambie nimesema.

Rafiki yako,
karani wa Kalundu