Mkanda wa Mwisho wa Safari ya Italia

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefua hadi vidole vimechubuka. Nguo zote za safari. Upepo wa ziwa hapa Pasiansi umezikausha kabla ya mchana. Mume wangu Deo amegeuza bafu kuwa chumba cha giza cha kusafishia picha, kama marehemu baba yake alivyofanya kwenye studio yake kule Mabatini. Mikanda ya picha alizopiga Italia ameipanga juu ya friji. Dawa ya kusafishia picha inatoka Nairobi kwa basi, bado haijafika. Ana simu nzuri, lakini picha za simu yeye hazitambui kama picha. Sawa.

Jumatano, 10 Septemba
Nimefanya ujinga. Nilikuwa napanga kabati, nikaifungua kamera ya Deo kwa nyuma nikidhani haina kitu. Ilikuwa na mkanda. Nimefunga haraka, ila mwanga ulishaingia. Ni ule aliouanza asubuhi tuliyoagana na wifi yangu, Sista Konsolata, kwenye konventi yao kule Italia, akaumalizia Roma. Deo yuko kazini. Nitamwambia akishakula.

Ameshakula. Sijamwambia.

Ijumaa, 12 Septemba
Dawa imefika, Deo ameanza na mikanda ya juu ya friji. Minara, njiwa, mimi na miwani ya jua nacheka. Deo anasema mkanda wa kwenye kamera atausafisha mwisho, ndio una picha nzuri za dada yake. Nilikuwa nachambua dagaa. Niliendelea kuchambua.

Jumamosi, 13 Septemba
Wifi amefariki.

Mkuu wa konventi yao amepiga simu, kwa Kiswahili cha kuungaunga. Moyo. Alikuwa anaumwa muda mrefu, hakutuambia. Atazikwa hukohuko Italia pamoja na masista wenzake. Deo amekaa sakafuni jikoni. Sikujua nimshike wapi.

Jioni ya mwisho Sista alituomba tubaki siku mbili zaidi. "Wifi, kaeni kidogo." Deo alikubali. Mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka kuiona Roma. Joto la Agosti lilikuwa limenichosha, na ule ukimya wa konventi, na supu kila jioni.

Jumatatu, 15 Septemba
Mama mkwe amefika kwa meli kutoka Bukoba. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, basi. Sebule imejaa wanajumuiya. Baada ya rozari Mama akamwambia Deo, "Mwanangu sitamzika. Nionyeshe basi alivyokuwa."

"Kesho, Mama. Picha zake ziko kwenye mkanda mmoja, nausafisha kesho."

Nikamfuata uani. Sikuzungusha maneno. "Ule mkanda niliufungua, Deo. Jumatano. Mwanga umeingia."

Aliniangalia. "Na umekaa kimya mpaka leo."

Akaingia ndani.

Jumanne, 16 Septemba
Hajanisemesha. Amejifungia bafuni asubuhi nzima. Alipotoka akautundika mkanda kwenye kamba. Roma yote imeungua, weusi mtupu. Lakini mwanzo wa mkanda ulikuwa umejiviringisha ndani kabisa, mwanga haukufika. Picha tatu zimepona. Nimelia. Yeye hakulia, wala hakunigusa.

Ijumaa, 19 Septemba
Deo amezichapa zile picha tatu kwenye karatasi. Mama ameketi barazani nazo mapajani. Kwenye mbili Sista yuko peke yake jikoni kwao, anacheka, aproni imejaa unga. Kwenye ya tatu mimi niko naye langoni. Amenishika mkono, mdomo wazi, ananiambia kitu. Mimi natazama barabarani, nasubiri teksi.

Mama aliishika hiyo muda mrefu.

"Hapa alikuwa anakuambia nini?"

Ningeweza kubuni. Nilimwambia sikumbuki, sikuwa nasikiliza.

Alipitisha kidole juu ya picha, polepole. "Haya. Ukikumbuka utaniambia."

"Ndiyo, Mama."

Nikaenda kuchemsha chai. Deo akaja kuchukua vikombe. Alichukua cha Mama na chake. Alichukua na changu.