Nilikosea Kusaga, Nikapandishwa Cheo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumatatu haijanikuta,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naendesha mtambo kwenye kiwanda kinachosaga mawe ya chokaa kuwa unga laini wa kuchanganya kwenye rangi za nyumba, na ndani ya mtambo kuna gurudumu la kuchambua unga, likienda kasi unatoka laini zaidi, sasa siku hiyo niliambiwa nipunguze kasi, lakini nilikuwa nacheka na wifi yangu kwenye simu, nikazungusha kitufe upande usio wake, kuja kuzinduka unga unatoka kama moshi, ukiushika vidoleni huusikii, nikarudisha haraka haraka nikanyamaza, nikajua hapa kazi sina, kumbe mifuko ile ilimfikia mteja, akapiga simu kusema hajawahi kuona rangi ikikaa laini ukutani namna ile, basi meneja akanipigia makofi mbele ya wenzangu, akanipa usimamizi wa zamu, na Jumatatu niwafundishe wote "ufundi wangu", ilhali sikumbuki hata nilizungusha mpaka wapi! Mume wangu ameshatangaza mtaa mzima, ananiita Profesa. Nikisema ukweli nitaaibika, nikinyamaza nitafundisha nini?

Profesa wa Bahati

Profesa,

Nimecheka, nisamehe. Lakini simu na mtambo wapi na wapi, mama? Ungepoteza vidole, tungekuwa tunaandikiana mengine. Cheo hukukiiba. Ila ukisimama Jumatatu ukaanza kubuni, wenzako watazungusha kitufe kwa kubahatisha, mtambo uwaungulie mikononi.

Kesho asubuhi, kabla hujavaa barakoa, nenda kwa meneja umwambie yote, na ya wifi pia. Kisha omba siku moja na fundi wa mitambo: mpandishe kasi kidogo kidogo, yeye akipima joto la mota, wewe ukichota unga na kuandika namba kila hatua. Hicho ndicho utakachofundisha. Mume mwache atambe, ila simu ibaki kabatini.

(Kwa sababu ya Jumatatu yake, jibu hili tulimtumia mapema. Naye akatuandikia hivi:)

Meneja alicheka mpaka akakalia mifuko. Fundi na mimi tumejaribu mara tano, ya nne ukatoka unga ule ule, namba ninayo, na cheo ninacho. Nilipomuuliza meneja kwa nini hakuwahi kuniuliza nilifanyaje, alisema, "Niliona aibu, mama. Nilikuwa nasubiri Jumatatu na mimi nijifunze."