Nondo Kwenye Koti Langu

Jumatatu, 8 Machi 1982

Kuhesabu nondo tangu saa mbili. Mitego kumi. Mitano ina kizibo cha mpira chenye harufu ya nondo jike wa viwavijeshi, mitano haina kitu, ya kulinganisha tu. Dume huinusa harufu hiyo kwa vipapasio vyake. Mimi nazamisha pua na sipati chochote. Ajabu. Leo tena, wiki ya tatu sasa, ile mitupu imejaa. Mkubwa wa maabara anasema kuna mtu anayechezea vizibo, na anayevishika ni mimi peke yangu. Nieleze kufikia Ijumaa au nirudishe funguo. Nimekasirika. Mimi si mjinga wala mwongo.

Jumanne, 9 Machi

Asubuhi nimekwenda kuanua koti la kazi kambani. Nondo saba wameling'ang'ania. Nguo za watoto zilizo kando yake hazina hata mmoja. Mama Njeri, jirani yangu hapa Makadara, akaangua kicheko. "Mama Ouma, hao watatuletea wageni, na unga wenyewe umeisha!" Nikacheka pia. Kisha nikaacha kucheka. Nimewatia koponi nikaenda nao kazini. Chini ya lenzi: madume, wote saba.

Jumatano, 10 Machi

Jana jioni niliazima koti la mume wa Mama Njeri, la kiwandani. Nikafua yote mawili kwa sabuni moja, nikayaanika kamba moja. Asubuhi lake halina kitu. Langu, kumi na mmoja. Basi ni mimi. Nashika vizibo, najipangusa kotini, kisha naibeba mitego mitupu kifuani. Wiki tatu! Aibu imenishika hadi masikio yakawaka. Na bado nimefurahi. Harufu isiyokubali sabuni!

Alhamisi, 11 Machi

Nimemwambia mkubwa. Hesabu za wiki tatu kazifuta kwa kalamu nyekundu. Amenipa koti jipya na wiki moja ya mwisho. Lile kuukuu nimelichoma.

Jumapili, 14 Machi

Nimetoka kanisani. Nondo mmoja dirishani, mchana kweupe. Nikamkunjulia koti jipya, hakulijali. Akapanda kiganjani mwangu, akatulia, vipapasio vinacheza. Mikono hii nimeisugua siku tatu. Kumbe si koti peke yake. Kesho nitamwambia mkubwa mitego mitupu ishikwe na mtu mwingine, hata kama atanifukuza. Nimemwacha nondo akae. Nimeunusa mkono wa pili. Unanuka sabuni tu.