Masikio ya Mzee Odera

Jumanne, 4 Machi
Spika za nyuma zimekataa tena. Tuko mtaa ya Manyatta kwa Mzee Odera, mwalimu wa kwaya, yule haoni. Kijana yake wa Nairobi alirekodi kwaya, kila kundi na maiki yake, faili nzito haijapunguzwa kitu. Akamtumia na kompyuta na home theatre, yaani ampi na spika za kuzunguka chumba. Soprano na alto watoke mbele. Tenor na besi watoke nyuma ya kiti ya Mzee. Nyuma kimya.

Bosi wangu Omosh, fundi, akachoka. Akafinya rimoti, spika zote zikalia pamoja. "Sauti iko kila mahali, Mzee! Kazi imeisha."

Nilikuwa naangalia Mzee. Hakugeuza kichwa hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimetumwa kuchukua koleo tuliacha. Wimbo ni ule ule. Mzee anauliza tenor wako wapi. Binti yake Akinyi akasema, "Wako hapo, Baba. Sisi wote tunasikia. Ni masikio."

 Mzee akasema Jumapili atapeana kwaya kwa mtu mwingine. Macho imeenda, sasa masikio. Mwalimu gani huyo.

Nilitaka kusema si masikio.  Lakini nikabeba koleo nikaenda. Mimi ni bure kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeambia Omosh si masikio ya Mzee, ni spika. Akacheka. "Wewe uliachia shule darasa la tano, sasa unasikia kushinda wenye nyumba?"

Labda ako sawa. Lakini kwa kioo ya ampi iliandikwa stereo. Hiyo ni sauti mbili tu. Spika zingine zinarudia hizo mbili. Tenor wamemwagwa ndani ya soprano.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda kwa Mzee peke yangu.  Akinyi ananiangalia kama mwizi.

Waya ya kompyuta ilikuwa inaingia TV kwanza, halafu TV inapeleka kwa ampi. TV inapitisha mbili tu, zingine inakula. Nikatoa, nikachomeka kompyuta kwa ampi moja kwa moja. Bado stereo. Nikaogopa sana. Karibu nitoroke.

Nikaingia seting ya kompyuta. Ilikuwa imewekwa spika mbili! Nikaweka zote. Nikafinya ile ya kujaribu, inalia spika moja moja.  Mzee mwenyewe akaanza kunyoosha kidole. Mbele kushoto. Katikati. Mbele kulia. Halafu kidole ikapita juu ya bega, ikaenda nyuma, sawasawa pale spika iko.

Akinyi akashika mdomo.

Nikaweka wimbo. Kioo ikaandika multi, yaani sauti nyingi. Mzee akageuka mwili mzima. "Yawa! Nani huyo anaburuta sauti nyuma yangu? Si ni Okoth? Mpaka leo!" Akacheka akakohoa. Akinyi akampigia magoti, pole Baba, pole.

Nilisikia vizuri ndani ya roho. Nikatoka nje nikasimama tu.

Jumapili, 9 Machi
Mzee hakupeana kwaya. Alisimama kanisani akasema mazoezi ni leo mchana, na Okoth afike wa kwanza. Watu wakacheka. Okoth pia.

Omosh haniongeleshi. Inaniuma, lakini kidogo.

Nimekaa kwa benchi nje ya nyumba ya Mzee. Akinyi ameenda soko ya Otonglo kuuza nyanya. Wacha niende saa hii, mazoezi inaanza. Mzee amevaa viatu, amesimama kwa mlango, na leo ni mimi wa kumshika mkono.